Kijana Aliyegonga Kichwa: Mwongozo wa Mzazi, Kutoka Uwanjani Hadi Kurudi Mchezoni

Kwenye viwanja vingi vya shule, wachezaji wawili wakigongana vichwa tiba ni ile ile: maji ya chupa yanamwagwa kisogoni, kijana anaulizwa "Uko poa?", anajibu "Niko poa," mpira unaendelea. Jibu hilo lisikubaliwe. Anayeulizwa kama ubongo wake uko sawa inambidi autumie ubongo huo huo kujibu, na mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye timu yake iko nyuma bao moja hatasema ukweli hata akiujua.

Mwongozo huu ni wa mzazi, shangazi, kaka mkubwa au mlezi yeyote atakayebaki na kijana huyo baada ya mechi kwisha. Unamhusu pia aliyeanguka kwenye bodaboda, aliyedondoka kutoka kwenye mwembe, aliyepigwa kiwiko kwenye netiboli na aliyepigana. Mtabibu bado anahitajika. Lakini mtabibu atamwona kwa dakika chache, na siku zinazofuata zote ni zako.

Kinachotokea ndani ya fuvu

Kichwa kikigongwa, au mwili ukipigwa kikumbo kikali hadi kichwa kikarushwa mbele na nyuma, ubongo husukwasukwa ndani ya fuvu. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Kinachovurugika ni kazi ya seli: madini ya chumvi hutoka mahali pake, seli hutumia nguvu nyingi kuyarudisha, na wakati huo huo damu inayoleta sukari kwenye ubongo hupungua. Kwa hiyo kijana anachoka kwa kusoma ukurasa mmoja. Na kwa sababu hiyo hiyo pigo la pili ndani ya siku hizo, hata likiwa dogo, linaweza kuwa baya kuliko la kwanza.

Wengi hawazimii kabisa. Ukisikia "hakuzimia, kwa hiyo hakuna tatizo", usibishane sana, mchukue mtoto wako muondoke. Dalili zenyewe ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchukia mwanga na kelele, kuona ukungu, kusahau, kujibu polepole, kuwa mzito wa mawazo, hasira au machozi yasiyo na sababu. Nyingine hujitokeza saa kadhaa baadaye, hata kesho yake au keshokutwa.

Uwanjani: atoke, na asirudi siku hiyo

Kanuni ni moja na haina mjadala na kocha: kijana anayeshukiwa kupata mtikisiko hachezi tena siku hiyo, hata akisema amepona baada ya dakika kumi. Mwaka 2011 huko Carrickfergus, Ireland ya Kaskazini, mwanafunzi wa miaka 14 aitwaye Benjamin Robinson aliendelea kucheza raga baada ya kugongwa kichwa, akagongwa tena, akaanguka na akafariki. Uchunguzi wa kifo chake ulihitimisha kwamba kilichomuua ni pigo la pili juu ya ubongo ambao haujatulia. Ni jambo la nadra. Lakini gharama ya kulikwepa ni kukosa dakika zilizobaki za mechi ya shule.

Dalili zifuatazo zinamaanisha hospitali sasa hivi, si kesho asubuhi:

- amezimia, hata kwa sekunde chache
- anatapika zaidi ya mara moja
- maumivu ya kichwa yanazidi badala ya kupungua
- anatetemeka mwili kama mwenye kifafa
- mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, au anaona vitu viwili viwili
- mkono au mguu umekuwa dhaifu au una ganzi, au maneno yanatoka yameviringika
- anaropoka, hatambui watu, anazidi kuchanganyikiwa au anakuwa mkali isivyo kawaida yake
- maji maji yasiyo na rangi au damu yanatoka puani au masikioni
- usingizi mzito hadi haamki mkimwamsha
- shingo inauma sana

Shingo ikiuma, au akiwa hajitambui, msimwinue kwa kumshika kwapani kama wachezaji wanavyopenda kufanya. Alale hapo hapo, mmoja ashike kichwa kisigeuke, wengine watafute gari. Akitapika akiwa amelala, mviringisheni mwili mzima kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikienda pamoja. Na tafadhali, asipandishwe mshikaki kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, kichwa kikining'inia kila mkifika kwenye tuta. Tafuteni teksi, pikapu, gari la mwalimu, chochote ambacho mtu anaweza kulala chali.

Akiwa hana hata moja ya dalili hizo, bado apelekwe akaonwe na mtabibu siku hiyo au kesho yake. Wakati mnajiandaa, wekeni barafu au kitambaa cha maji baridi kwenye nundu. Kulikandamiza kwa kijiko au kulisugua hakusaidii ubongo, na kunamuumiza tu.

Hospitalini: sema habari ya kugonga kichwa kabla ya yote

Huku kwetu kijana akifika na kichwa kinauma, anatapika na amelegea, mawazo ya kwanza ya kila mtu ni malaria. Apimwe malaria, sawa. Lakini sentensi yako ya kwanza kwa muuguzi iwe "Amegonga kichwa jana saa kumi jioni," halafu eleza aligongwa na nini, upande gani, kama alizimia, kama anakumbuka kilichotokea kabla na baada, ametapika mara ngapi, na kama ameshawahi kupata mtikisiko mwingine. Taja dawa anazotumia. Kama aliyeshuhudia yupo, nenda naye, maana mgonjwa mwenyewe huenda hakumbuki.

Wazazi wengi huomba eksirei ya kichwa ili waridhike. Eksirei huonyesha mfupa; ubongo hauonyeshi. CT skani inatafuta damu iliyovuja na fuvu lililopasuka, na mtabibu ataiagiza akiona dalili zinazoelekea huko. Mtikisiko wenyewe hauonekani kwenye CT skani. Picha ikirudi safi ni habari njema sana, ila maana yake ni kwamba hahitaji upasuaji. Haimaanishi kwamba kesho arudi mazoezini. Hapa ndipo familia nyingi huteleza: "Tumepiga picha, hakuna kitu."

Kabla hujaondoka, omba karatasi iliyoandikwa utambuzi wa ugonjwa na mapumziko ya michezo. Utaihitaji shuleni kuliko unavyodhani.

Dawa ya maumivu ni paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa kulingana na uzito na umri. Aspirini, ibuprofen na diclofenac ziepukwe katika siku mbili za mwanzo isipokuwa mtabibu ameagiza, kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Soma pakiti: vidonge vingi vya maumivu vya dukani ni mchanganyiko wa aspirini na kafeini. Baadaye pia, paracetamol isiwe ya kila siku. Akiinywa zaidi ya siku mbili tatu kwa wiki, wiki baada ya wiki, dawa yenyewe inaweza kugeuka chanzo cha maumivu ya kichwa.

Usiku wa kwanza

Mwache alale. Ile desturi ya kumzuia asilale usiku kucha, akimwagiwa maji na kupigishwa soga, ilitokana na hofu kwamba akilala hataamka. Kama ameshaonwa na hana dalili za hatari, usingizi ni sehemu ya tiba. Mtu mzima alale chumba kimoja naye na amwangalie mara moja moja: anapumua vizuri, anajigeuza, akiguswa anajibu au anasukuma mkono wako. Mtabibu akikuambia umwamshe kila baada ya saa fulani, fuata hilo. Asipoamka, au akiamka hajui alipo, mnaondoka usiku huo huo.

Katika siku hizi mbili za kwanza asiachwe nyumbani peke yake, asiendeshe baiskeli wala pikipiki, asiogelee, asipande mti wala ngazi. Pombe na bangi hazina nafasi, na hili lisemwe wazi hata kama unaamini mwanao hazigusi.

Siku mbili za kupumzika, halafu basi

Zamani ushauri ulikuwa chumba chenye giza, pazia limefungwa, hakuna mtu kuingia, hadi dalili zote ziishe. Ushauri huo umekufa. Utafiti uliofanyika Milwaukee, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwagawa vijana wa miaka 11 hadi 22: kundi moja likapumzika kabisa siku tano, jingine siku moja au mbili kisha wakaanza kurudia shughuli taratibu. Waliofungiwa siku tano ndio waliolalamika dalili nyingi zaidi. Wataalamu wa mtikisiko wa michezoni waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walishikilia msimamo huo: pumziko la wastani kwa saa 24 hadi 48, kisha mwendo mwepesi.

Pumziko la wastani ni hivi: anaamka, anakula na wenzake, anaoga, anakaa barazani kwenye kivuli, anazungumza, anatembea hadi getini na kurudi. Hafanyi mazoezi, hasomi kwa bidii, hachezi gemu.

Na simu? Hapo ndipo vita vilipo, kwa hiyo njoo na ushahidi. Utafiti wa Massachusetts uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuata wagonjwa 125 wa miaka 12 hadi 25. Walioambiwa waache skrini kwa saa 48 za kwanza, nusu yao walikuwa wamepona ndani ya siku 3.5. Walioruhusiwa kuendelea kama kawaida, nusu yao walihitaji siku 8. Mwambie kijana hivyo hivyo: "Mwanangu, siku mbili bila simu, upone mapema kwa siku nne." Vijana wengi hukubali biashara ya namna hiyo kuliko amri. Ni siku mbili lakini, si mwezi. Ukiendelea kuishikilia simu wiki tatu utakuwa umemtenga na marafiki zake wote, na upweke nao unaumiza kichwa.

Daftari la dalili na kanuni ya alama mbili

Nunua daftari la bei rahisi. Kila asubuhi na kila jioni muulize: "Kwa ujumla unajisikiaje, kutoka 0 hadi 10, ambapo 0 ni mzima kabisa na 10 ni vibaya mno?" Andika namba, saa alizolala, na alichofanya siku hiyo. Dakika mbili tu. Usimuulize kila nusu saa, maana mtu anayeulizwa kila saa kama kichwa kinauma huishia kukitafuta hadi kinauma.

Daftari hili linakupa kipimo cha kuamua kila kitu kinachofuata. Baada ya siku mbili za kwanza, shughuli yoyote ikipandisha dalili kwa alama 1 au 2 na zikatulia ndani ya saa moja, ni sawa, aendelee nayo kesho. Ikipandisha zaidi ya alama 2, au dalili zikakaa zaidi ya saa moja, shughuli imezidi: asimame, apumzike, na kesho afanye pungufu kidogo. Asiiache kabisa. Kwa hiyo dalili kidogo wakati wa kujaribu si jeraha jipya, na kijana anapaswa kulijua hilo, la sivyo ataogopa kila mpigo wa kichwa.

Kutembea ndiyo dawa inayosahaulika zaidi. Huko Buffalo, New York, vijana wa miaka 13 hadi 18 waliopewa mazoezi mepesi ya kupandisha mapigo ya moyo ndani ya siku chache tangu waumie walipona wastani wa siku 13, na waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu walipona wastani wa siku 17. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019. Kuanzia siku ya tatu, atembee dakika 10 hadi 15 asubuhi au jioni jua likiwa limepoa, kwa mwendo ambao bado anaweza kusema sentensi nzima bila kuhema. Aongeze dakika chache kila siku kama daftari linaruhusu.

Kazi za nyumbani? Kufagia, kuosha vyombo, kuchambua mchele: ndiyo, kidogo kidogo. Kubeba ndoo ya maji kichwani: hapana, hadi apone, kwa sababu shingo mara nyingi imeumia pamoja na kichwa. Kulima juani na kupasua kuni pia visubiri.

Usingizi, chakula, Ramadhani

Alale na kuamka saa zile zile kila siku. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa baada ya wiki ya kwanza, la sivyo atakesha usiku. Simu ikalale sebuleni. Anywe maji ya kutosha na asikose mlo, njaa peke yake inaumiza kichwa cha mtu mzima mwenye afya. Chai ya asubuhi haina shida. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye kopo, ambavyo vijana wanavipenda wakati wa mitihani, viachwe.

Kama ajali imeangukia Ramadhani, aliyeumia ni mgonjwa, na mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Kijana aliyebaleghe anaweza kung'ang'ania kufunga kwa sababu wenzake wote wamefunga. Mtafutie ustadhi anayemheshimu amwambie. Neno lake litapita pale lako lilipokwama. Daku nalo linakata usingizi katikati, na usingizi ndio anaouhitaji zaidi.

Shule: hapa ndipo kazi kubwa ilipo

Usisubiri apone asilimia mia ndipo arudi darasani. Wengi mno huwa wamerudi kikamilifu ndani ya siku 10. Njia ni hii: siku ya pili au ya tatu asome nyumbani dakika 15, apumzike, asome tena. Akiweza jumla ya saa moja au mbili bila kuvunja kanuni ya alama mbili, aende shule nusu siku. Nusu siku ikikaa vizuri, siku nzima. Hakuna haja ya kukaa siku nyingi kwenye hatua moja kama daftari linasema yuko sawa.

Kwa mwanafunzi wa kutwa hili linawezekana kwa kuzungumza na mwalimu wa darasa. Bweni ni habari nyingine. Kengele ya saa kumi na moja alfajiri, mchakamchaka, usafi, mstarini juani, masomo hadi jioni, kisha kujisomea usiku chini ya taa kali hadi saa nne. Mtoto mzima huchoka nayo. Kama unaweza, wiki ya kwanza akae nyumbani au kwa ndugu aliye karibu na shule. Kama haiwezekani, nenda shuleni wewe mwenyewe, usitume ujumbe. Ongea na Mkuu wa Shule, halafu na matroni au patroni, ambaye ndiye atakayemwona saa mbili usiku akiwa ameshika kichwa. Muachie nakala ya dalili za hatari zilizo hapo juu.

Andika barua, fupi, yenye maombi yanayopimika. Kwa mfano:

*Mkuu wa Shule, mwanangu wa Kidato cha Tatu B aligonga kichwa tarehe 12 na mtabibu amethibitisha mtikisiko wa ubongo. Karatasi ya hospitali imeambatishwa. Naomba, kwa wiki mbili: (1) asishiriki michezo, mchakamchaka wala kazi za nje, (2) aruhusiwe kutoka darasani dakika 10 kichwa kikizidi, bila kuulizwa mbele ya wenzake, (3) asihudhurie masomo ya usiku, alale saa tatu, (4) majaribio ayafanye baadaye au kwa muda wa ziada, (5) apewe nakala za wenzake badala ya kunakili ubaoni, (6) asipewe adhabu yoyote ya viboko, kupiga magoti au kukimbia. Nitaleta taarifa mpya baada ya wiki mbili.*

Ombi la sita usilione aibu. Kijana mwenye mtikisiko anasahau daftari, anachelewa kujibu, anasinzia, anamjibu mwalimu kwa ukali. Kila kimoja kati ya hivyo kinaitwa uzembe au utovu wa nidhamu na mtu asiyejua. Na kofi la kisogoni, ambalo wengine wanaliona ni jambo dogo, kwake ni pigo la pili.

Kunakili ubaoni panastahili neno zaidi. Macho yanaruka kutoka mbali kuja karibu, mamia ya mara kwa kipindi kimoja, na uwezo huo wa macho kufuata na kukaza ni miongoni mwa vinavyovurugika sana. Mwanafunzi anaweza kumsikiliza mwalimu dakika 40 bila shida na akashindwa kunakili dakika tano. Ukiona hivyo, hajifanyi. Akae karibu na ubao, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, na kofia au miwani ya jua vikiruhusiwa nje.

Kama mtihani wa taifa uko karibu, mjulishe Mkuu wa Shule mapema kwa maandishi ili yeye ndiye aulize baraza la mitihani kuhusu mipango maalumu. Usiifanye siri ukitarajia atakuwa mzima Novemba. Na tuisheni za Jumamosi zisimame. Najua zimelipiwa.

Hasira, machozi, ukimya

Kijana aliyekuwa mcheshi anaweza kuwa mtu wa kufoka kwa jambo dogo kama kijiko kuanguka. Sehemu yake ni ubongo wenyewe. Sehemu nyingine ni huzuni ya kukaa nje wakati timu inakwenda UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, bila yeye. Nyumbani watasema amebadilika, wengine watasema kuna mkono wa mtu au jini. Dua na maombi havimdhuru na huenda vikamtuliza. Kinachodhuru ni kupungwa kwa ngoma na moshi usiku kucha, au kutikiswa kichwa ili kitoke kinachodhaniwa kimeingia.

Waeleze wadogo zake sababu ya nyumba kutulia kidogo, ili asionekane anaringa. Mruhusu aende kutazama mazoezi kama kelele anaivumilia, akae na wachezaji wa akiba, ahesabu pasi, awe bado mmoja wao. Kama huzuni inazidi wiki mbili, hapati usingizi, hataki kula, au anasema maneno kama "bora nisingekuwepo", muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake, na mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo jingine: atakuficha. Rowan Stringer, msichana wa miaka 17 wa Ottawa, Kanada, aligongwa kichwa mara kadhaa ndani ya siku chache akicheza raga mwezi Mei 2013. Alihisi ana mtikisiko, akaandikiana na marafiki kwenye simu na kutafuta habari zake mtandaoni, kisha akaingia kwenye mechi iliyomuua. Wazazi wake hawakuwa wamejua. Jimbo la Ontario lilipitisha sheria yenye jina lake mwaka 2018. Kwa hiyo waombe marafiki wawili wa karibu wa mwanao, kwa upole na si kama majasusi, wakwambie wakiona anashika kichwa akiwa nao. Na akikwambia ukweli, ukweli huo usiwe chanzo cha kugombezwa, vinginevyo hutauona tena.

Kurudi uwanjani, ngazi kwa ngazi

Shule kwanza, mpira baadaye. Ngazi ni sita, na kila moja inachukua angalau saa 24:

1. Shughuli za kila siku: kutembea, kazi nyepesi za nyumbani.
2. Mwendo wa kupandisha mapigo ya moyo: kutembea haraka, kisha kukimbia polepole au baiskeli isiyotembea.
3. Mazoezi ya mchezo wake akiwa peke yake: kukimbia na kugeuka, kupiga danadana, kurusha mpira kwenye goli la netiboli. Pasiwe na nafasi ya kugongwa, na asipige mpira kwa kichwa.
4. Mazoezi na timu bila kugusana: pasi, mbinu, uzito mwepesi.
5. Mazoezi kamili ya kugusana.
6. Mechi.

Ngazi tatu za kwanza anaweza kuzipanda akiwa na dalili ndogo, kwa kanuni ile ile ya alama mbili. Mlango wa ngazi ya nne una kufuli: dalili zote ziwe zimekwisha, hata baada ya kukimbia kwa nguvu, amerudi shule kikamilifu, na mtabibu amemruhusu kwa maandishi. Dalili zikirudi kwenye ngazi ya nne na kuendelea, ashuke hadi ya tatu, na asipande tena hadi zitoweke na mtabibu aridhike.

Mwongozo wa michezo ya mitaani na mashuleni wa Uingereza uliotolewa mwaka 2023 unaongeza sharti ninalolipenda kwa nchi zetu, ambako daktari wa michezo hapatikani kirahisi: hakuna mechi kabla ya siku 21, na awe amekaa siku 14 bila dalili yoyote akiwa ametulia kabla ya mazoezi yenye hatari ya kugongwa. Ni rahisi kulikumbuka na ni vigumu kocha kulipinda. Fainali ikiwa siku ya 16, basi fainali imempita. Mwambie kocha mapema, mbele ya kijana, ili lawama ikuangukie wewe. Kijana hapaswi kubeba uamuzi huo mbele ya wenzake.

Wiki nne zikipita bado hajawa sawa

Vijana wengi hupona ndani ya wiki nne. Wanaochelewa zaidi mara nyingi ni waliowahi kupata mtikisiko kabla, wenye kipandauso, wenye wasiwasi au huzuni tangu zamani, na waliokuwa na dalili nyingi siku za kwanza. Wasichana nao huelekea kuchukua muda mrefu kidogo. Kuchelewa hakumaanishi ubongo umeharibika moja kwa moja. Mara nyingi kuna kitu kinachotibika kimejificha.

Rudi hospitalini na daftari lako, na omba vitu vinne viangaliwe kimoja kimoja. Shingo: maumivu yanayoanzia kisogoni na kuzidi akiinama kusoma hutibiwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Mizani: kizunguzungu anapogeuza kichwa au kwenye daladala kina mazoezi yake maalumu. Macho: apimwe jinsi yanavyofuata na kukaza, kwa sababu anaweza kusoma herufi za ukutani zote na bado ukurasa ukamshinda. Usingizi na hisia: hivi viwili vikiwa vibovu, mengine yote hupona polepole.

Zahanati haitakuwa na haya yote, kwa hiyo omba rufaa. Hospitali kubwa za rufaa, kama Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, au Kenyatta jijini Nairobi, zina madaktari wa ubongo na fiziotherapia chini ya paa moja. Beba karatasi ya siku ya kwanza, picha zote zilizopigwa, barua ya shule na orodha ya dawa, na mwache kijana aeleze mwenyewe kwanza kabla hujaanza kumsaidia kukumbuka.